Miguu ya Hadhira: Wigaashe ya Mchana Mjini Bariadi na Kazi ya Mhakiki

UTANGULIZI

Ukifungua vitabu vyetu vingi vya fasihi simulizi utaona kwamba ngoma hupewa aya mbili au tatu, kisha mwandishi anakimbilia ngano, methali na vitendawili. Tena katika hizo aya mbili ngoma hutajwa kama kitu cha viungo: njuga miguuni, jasho usoni, vumbi hewani. Kutokana na mazoea hayo umeenea usemi, hata humu madarasani kwetu, kwamba Mwafrika hana muziki wa kukaa na kusikiliza. Eti muziki wake wote ni wa kuchezwa, na utulivu wa kusikiliza uliletwa na Wazungu pamoja na kumbi zao.

Makala haya yanaupinga usemi huo. Mfano nitakaoutumia ni wigaashe, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa kuketi, kama nilivyoiona na kuisikia katika onyesho la bure la mchana mjini Bariadi, mkoani Simiyu. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni nani mhakiki wa awali wa ngoma hii, kabla mimi na wewe hatujafika na kalamu zetu? Pili, mhakiki huyo anapatwa na nini pale ngoma inapohamishwa kutoka uwanja wa kijiji na kuwekwa mbele ya turubai la mgeni rasmi?

MUZIKI WA KUKETI

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni mbili. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kalenda ya sanaa huko hufuata kalenda ya jembe: mvua zikinyesha watu wako shambani, na sanaa inayotawala ni ile ya kazi, kama bugobogobo ambayo majembe hurushwa na kudakwa kwa mapigo ya ngoma. Mavuno yakishaingia, yaani kuanzia mwezi wa sita hivi, ndipo mbina za mashindano huanza.

Miongoni mwa mbina hizo wigaashe ina sura ya peke yake. Jina lenyewe latokana na tendo la kuketi. Waimbaji hukaa kwa safu, kwa kawaida juu ya vigoda, na kiongozi, ambaye Wasukuma humwita ningi, husimama mbele yao. Kinachocheza ni mikono, mabega na shingo. Kwa kawaida haitegemei mngurumo wa ngoma kama bugobogobo. Mzigo wote wa onyesho umebebwa na sauti za watu na maneno yao. Ningi anatoa, safu zinapokea. Neno likipotea, wigaashe imekwisha, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuliziba pengo.

Hapa mtu atauliza: basi kuna tofauti gani na ule muziki ambao Wazungu wameupa jina la chumba? Swali ni la haki, hebu tuliangalie. Muziki wa chumba ni ule wa wapigaji wachache, kila mmoja akiwa na sehemu yake mwenyewe na pasipo mtu wa kuwaongoza kwa kijiti. Mfano wake mkubwa ni kwateti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja na selo moja, ambayo Joseph Haydn (1732–1809) aliiandikia tungo zaidi ya 60. Katika wigaashe waimbaji ni wengi na sehemu moja huimbwa na watu kadhaa, tena yupo kiongozi. Kwa hiyo sitasema kwamba ni kitu kimoja. Lakini masharti ya kusikiliza yanafanana sana. Zote mbili zinataka ukaribu. Zote mbili zinamtaka msikilizaji afuatilie mazungumzo yanayopita kati ya sauti na sauti. Na zote mbili huharibika mara moja ukizipeleka mahali pasipowezekana kusikilizana.

Kwa hiyo dai la kwanza limejibika. Wasukuma wanao muziki wa kuketi na kusikiliza, na hawakuusubiri ukumbi. Sasa twende kwenye onyesho lenyewe.

ONYESHO LA BURE

Ilikuwa saa saba mchana, kiangazi, jua la Bariadi unalijua au umelisikia. Ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa hapa, ilikuwa imeandaa burudani ya bure kwa wananchi. Mbele palikuwa na turubai na viti vya plastiki kwa ajili ya waalikwa. Nyuma ya turubai na pembeni ilifungwa kamba, na nje ya kamba ndiko walikosimama wananchi wenyewe waliotajwa katika tangazo. Kikundi cha wigaashe kiliketi juani kikiwa kimeelekezwa kwenye turubai, yaani kikiwa kimewapa ubavu watu wa nje ya kamba.

Kipaza sauti kilikuwa kimoja na alipewa ningi. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Sauti ya ningi ilitoka katika spika kubwa na kuufikia mji mzima, wakati mwitikio wa safu ulibaki pale pale vumbini. Aliyekaa chini ya turubai alisikia mtu mmoja akiuliza swali kwa nguvu, kisha kimya chenye mvumo, kisha swali jingine. Kwa upande wa fani hili si jambo dogo. Katika wigaashe jibu la safu ndilo linaloigeuza kauli ya mtu mmoja kuwa kauli ya wengi. Ukilinyamazisha, ningi anabaki kama mlalamikaji wa peke yake.

Na kweli alikuwa akilalamika. Kisukuma changu mimi ni cha kuombea maji, kwa hiyo nilisimama nje ya kamba pamoja na mzee mmoja aliyekubali kunitafsiria. Wimbo ulimhusu mkulima anayepeleka pamba kwenye mizani na kurudi nyumbani na karatasi. Mkewe anamwuliza fedha iko wapi, anaonyesha karatasi. Mtoto anataka daftari, anaonyeshwa karatasi. Mwishowe mbuzi anaila ile karatasi, na ningi anauliza safu: je, mbuzi sasa ndiye amelipwa? Kwa dhamira na kwa kejeli utungo huu ungesimama vizuri darasani kwetu pembeni ya shairi lolote la kisiasa tunalolisoma.

Wimbo ulipofika kwa mbuzi, mshereheshaji alichukua kipaza sauti akawaeleza waalikwa kwa Kiswahili: "Wanasema karibu sana mgeni rasmi, Simiyu inakupenda." Waalikwa wakapiga makofi. Nje ya kamba watu wakaangua kicheko kikubwa, kicheko cha kushika mbavu. Mgeni akafurahi akijua kwamba wananchi wamechangamka. Kikundi kikaambiwa muda umekwisha, na ratiba ikaendelea na hotuba.

MHAKIKI ALIYEFUNGIWA KAMBA

Ili kuelewa kilichotokea pale lazima turudi kwenye mbina za mashindano. Wasukuma wana pande mbili kubwa za wachezaji, Bagika na Bagalu. Masimulizi yao yanawataja waasisi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji, na ambao ushindani wao ulirithiwa na wafuasi. Vikundi viwili huwekwa uwanja mmoja, kimoja upande huu na kingine upande ule, vikicheza kwa wakati mmoja. Watu wako katikati, huru. Wakivutwa na huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule. Kikundi kinachowavuta watu wengi zaidi ndicho kinachoshinda.

Ndugu msomaji, tafakari maana ya utaratibu huu kwa taaluma yetu. Hadhira inahakiki kwa miguu. Haina haja ya kuandika makala wala ya kusubiri jopo la majaji. Mtu anahama, na kuhama kwake ni hukumu ambayo fanani anaiona kwa macho yake wakati bado anaimba. Akiona watu wanapungua anabadili wimbo, anatia kichekesho, anatoa nyoka au kinyago, anamtaja mtu wa kijijini kwa jina. Utunzi na uhakiki vinakwenda pamoja dakika kwa dakika.

Hata suala la dawa, ambalo watu wa mjini hulicheka, linaeleweka vizuri tukilitazama kwa jicho hili. Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia Bariadi atakuuliza habari za Gamboshi na wachawi wake, basi, hana kingine. Ni kweli kwamba vikundi vya mbina hutafuta dawa za mvuto, na kwamba ningi mashuhuri mara nyingi husadikiwa kuwa nayo. Lakini dawa hiyo inatafutwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kuwavuta watu upande wako wa uwanja. Jamii isiyoithamini hukumu ya hadhira isingehangaika kutafuta dawa ya kuipata. Kwa maneno mengine, imani hiyo imebeba nadharia nzima ya mvuto wa sanaa, ila imeisema kwa lugha ya mizizi.

Mulokozi katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotokana na kukutana kwa fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Wengi wetu tunaikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Onyesho la Bariadi linatuonyesha ukali wake. Fanani walikuwa wale wale, fani ile ile, hata wimbo ulikuwa ule ule wanaouimba kijijini. Kilichobadilishwa ni mahali pa hadhira: walioweza kuelewa walifungiwa kamba, na waliopewa viti hawakuelewa. Miguu ikakosa kazi. Hakukuwa na upande wa pili wa kuhamia.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba hadhira iliuawa. Kile kicheko kilikuwa nini? Kilikuwa uhakiki uliohama kutoka miguuni kwenda mdomoni. Watu walicheka wimbo na tafsiri yake kwa pamoja, na kwa kucheka kwao wakaunda maana ya tatu ambayo ningi hakuitunga wala mshereheshaji hakuikusudia: kwamba wakubwa wameimbiwa mbele ya macho yao wasijue. Mhakiki aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari lake angeandika kwamba hadhira ilishangilia salamu.

NANI ANALIPA?

Neno "bure" nalo linahitaji kuhakikiwa. Maonyesho ya mchana ya muziki wa utulivu yana historia ndefu huko ng'ambo. Jijini Amsterdam ukumbi wa Concertgebouw umejulikana kwa maonyesho yake ya bure ya wakati wa chakula cha mchana. Jijini London, vita vilipofunga kumbi na usiku ukawa wa giza la lazima, mpiga piano Myra Hess alianzisha mwezi Oktoba 1939 maonyesho ya mchana katika jumba la National Gallery. Yaliendelea hadi 1946, siku tano kwa wiki, na yalitimia karibu 1,700. Hayo hayakuwa ya bure. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, sawa kwa kila mtu, awe karani au bwana mkubwa.

Ile shilingi inanifundisha jambo. Aliyelipa shilingi moja alikuwa na haki ya kukaa na haki ya kutorudi kesho. Kiingilio kidogo kilifanya kazi ile ile inayofanywa na miguu ya Wasukuma: kilimpa msikilizaji uwezo wa kukataa. Katika taarabu ya Unguja kazi hiyo hufanywa na tuzo, pale mtu anapoinuka na noti yake mkononi wakati beti fulani linapoimbwa, na kila mtu ukumbini akajua linamhusu nani. Sasa katika onyesho la Bariadi mwananchi hakulipa, hakutuza, hakuhama. Aliyelipa ni ofisi, na ratiba ikamtii aliyelipa.

Swali hili la msanii na mwenye kulipa si geni. Elias Songoyi aliliweka mezani mwaka 1988 katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, na uhusiano wao na dola. Hata kabla ya hapo, tangu serikali ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 na Kikundi cha Taifa cha Ngoma mwaka uliofuata, ngoma zetu zilipewa heshima ya kitaifa na wakati huo huo zikapewa kazi ya kutumbuiza. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli. Mwalimu Nyerere mwaka ule wa 1962 aliwasikitikia Watanganyika waliojua dansi za kigeni na wasijue za kwao, na alikuwa na haki. Lakini kutumbuiza ni kazi ya kujaza nafasi kabla ya jambo lenyewe. Ngoma ikishakuwa ya kutumbuiza, jambo lenyewe ni hotuba.

Baada ya hotuba niliwafuata waimbaji walipokuwa wakinywa soda chini ya mti. "Mwadila, baba," nilimsalimu ningi. Nikamwambia kwamba nimeudhika kwa jinsi walivyokatizwa na kutafsiriwa uongo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto. "Mwanangu," aliniambia, "posho ya leo ndiyo nauli ya kwenda kushindana wiki ijayo. Na yule kijana wa kipaza sauti ni wa kwetu. Ametusaidia."

Jibu hilo limenisumbua kuliko onyesho lenyewe. Mimi nilimwona mshereheshaji kama mfasiri mbovu. Ningi alimwona kama ngao. Tafsiri ya uongo ndiyo iliyouwezesha wimbo wa mbuzi kuimbwa mchana kweupe, kwa spika, katikati ya mji, na waimbaji wakarudi nyumbani salama na posho yao. Kwa mtazamo huo mshereheshaji naye ni fanani, na sentensi yake ya Kiswahili ni ubeti wa mwisho wa wimbo.

Je, hilo linahalalisha kamba? La hasha. Ujanja wa mnyonge ni ushahidi wa ubanaji, hauwezi kuwa sababu ya kuusifu ubanaji huo. Mkulima aliyebaki nje ya kamba alicheka, lakini mgeni aliondoka bila kuisikia habari ya karatasi. Wimbo uliofichwa vizuri kiasi hicho umemlinda mwimbaji na umeiacha mizani kama ilivyokuwa.

LUGHA NA MHAKIKI

Sisi tunaohakiki kwa Kiswahili tunalo deni hapa. Kiswahili ndicho kilichotumika pale kama pazia, na Kisukuma kama chumba cha ndani. Tukienda Bariadi na Kiswahili peke yake tutakaa chini ya turubai, tutake tusitake. Frank Gunderson, Mmarekani, alikusanya na kuzitolea maelezo zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu chake Sukuma Labor Songs from Western Tanzania cha mwaka 2010. Namheshimu kwa kazi hiyo. Lakini ni wangapi kati yetu, tena tukiwamo tuliozaliwa Maswa na Meatu, tumeandika hata nyimbo tano za ningi wa kijiji chetu na kuziweka mbele ya mwalimu kama matini ya fasihi? Tunaogopa kuonekana washamba. Tunachambua kejeli ya Shakespeare, na kejeli ya mbuzi aliyelipwa tunaiachia vumbi.

Wapo watakaosema kwamba wimbo ukishaandikwa na kutafsiriwa unakufa. Nakubali kwamba unapoteza mengi: sauti ya safu, mabega, jua. Ila onyesho nililolieleza linathibitisha kuwa wimbo unaweza kufa hata ukiwa unaimbwa, endapo wanaosikia wamenyimwa maana. Maandishi yenye tafsiri ya kweli, yakiandamana na maelezo ya nani alisimama wapi na nani alicheka lini, yanaweza kurudisha sehemu ya kile ambacho kamba ilikizuia.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba wigaashe ni muziki wa kusikilizwa, wenye masharti magumu ya ukaribu na maneno, na kwamba mhakiki wake wa kwanza ni hadhira iliyo huru kuhama. Onyesho la bure la mchana si baya kwa asili yake. Watu wa Bariadi wana haki ya kupata sanaa bila kulipa, hasa mwezi ambao pamba bado haijalipwa. Lakini bure inayomnyima msikilizaji uwezo wa kukaribia, kuelewa na kuondoka ni ghali.

Kwa wanaoandaa maonyesho ninapendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Kikundi kiketi katikati na watu wakizunguke. Vipaza sauti viwekwe kwenye safu au visiwekwe kabisa, maana wigaashe inajitosheleza watu wakiwa karibu. Na viitwe vikundi viwili badala ya kimoja, ili miguu ipate pa kwenda. Kwa upande wa wanafunzi wenzangu pendekezo ni moja tu: mnapokwenda likizo kiangazi hiki, kaeni nje ya kamba na mwandike kile watu wanachokicheka.